Maji ya tumbo yakiingia vimelea kimyakimya: tuliyojifunza kwa wagonjwa wa ini lililosinyaa

Mgonjwa wa sirosisi, yaani ini lililosinyaa kwa makovu, mwenye maji tumboni anaweza kuwa na bakteria ndani ya maji hayo huku anakula uji wake, anaongea na wageni, na kipimajoto kinasoma 36.8. Ukimbonyeza tumbo ni laini. Ukimuuliza kama linauma, anasema limejaa tu. Anayesubiri aone tumbo gumu kama la mtu aliyepasuka kidole tumbo atasubiri mpaka figo zifeli. Hadi theluthi moja ya wagonjwa hawa hawana dalili yoyote siku maji yao yanapopimwa na kukutwa na maambukizi.

Ndiyo maana sisi tunaowahudumia tumeshikilia jambo moja na hatulilegezi: kila mwenye ini lililosinyaa na maji tumboni akilazwa, maji yapimwe siku hiyohiyo, kabla ya antibiotiki ya kwanza. Haijalishi amekuja kwa nini. Awe ametapika damu, amechanganyikiwa, amevimba miguu, ana malaria, au amekuja tu kupunguziwa maji, sindano ni ileile. Kati ya wanaolazwa, karibu 1 kati ya 10 hukutwa na maambukizi haya. Tafiti za hospitali zimeonyesha pia kwamba waliochelewa kupimwa zaidi ya saa 12 tangu walazwe walikufa kwa wingi kuliko waliopimwa mapema. Kwa hiyo "tutamtoboa kesho daktari bingwa akipita" si uamuzi mdogo.

Ugonjwa wenyewe ni peritonaitisi ya bakteria, yaani maambukizi ya maji na utando wa tumbo, inayozuka bila utumbo kutoboka, na wodini tunaiita SBP kwa kifupi cha Kiingereza. Ulipoelezwa kwa mara ya kwanza katikati ya karne iliyopita, vifo vilizidi 90%. Siku hizi, pale unapogundulika mapema na kutibiwa vizuri, vimeshuka hadi karibu 20%. Ini la mgonjwa ni lilelile. Kilichobadilika ni saa ya kuugundua, dawa zisizoua figo, na albumini, protini ya damu inayoingizwa mshipani.

Kwa nini unanyamaza hivi? Tumbo hukakamaa pale utando unaofunika utumbo na ule wa ukuta wa tumbo unapovimba na kusuguana. Kwa mgonjwa huyu kuna lita 6 au 8 za maji katikati, na tando hizo hazigusani. Homa nayo haitegemeki, kwa sababu sirosisi ikishakomaa joto la mwili huwa chini siku zote, na mtu aliyekuwa 36.0 jana akifika 37.5 leo tunahesabu kuwa amepanda. Mapigo ya moyo yanazuiliwa na propranololi anayomeza kwa ajili ya mishipa iliyotuna ya koo la chakula. Halafu kuna karatasi ya damu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Bandama kubwa humeza seli nyeupe, kwa hiyo mgonjwa anaishi na seli 2,500 kwa mikrolita. Akipata maambukizi zinapanda hadi 6,000. Mashine inaandika "kawaida," hakuna alama nyekundu pembeni, na daktari anageuza ukurasa. Seli zimepanda zaidi ya mara mbili na hakuna aliyeshtuka. Matokeo ya leo yawekwe kando ya yale ya mwezi uliopita. Yakisomwa peke yake yanadanganya.

Ndugu wakiambiwa kuna vimelea tumboni huuliza mara moja: "Amekula nini kichafu?" Wajibiwe vizuri, maana anayepika huanza kujilaumu. Hakula kitu. Bakteria hawa, mara nyingi E. coli, Klebsiella na streptokoki, ni wa utumboni mwake mwenyewe. Shinikizo kubwa katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini huufanya ukuta wa utumbo uvimbe na kuvuja, nao wanapenya hadi kwenye matezi ya tumbo na kuingia katika damu. Ini ndilo lingewachuja, lakini damu nyingi sasa inalikwepa kwa kupita mishipa ya pembeni. Wanaangukia kwenye maji ambayo hayana kinga ya kutosha. Maji yenye protini chini ya gramu 1.5 kwa desilita ndiyo yanayoshikwa kirahisi zaidi.

Anayeona wa kwanza kwamba kuna kitu mara nyingi ni mke, binti au kijana anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa. Anasema, "Daktari, mzee leo haelewi," au "mama amelala mchana kutwa, usiku yuko macho." Maneno hayo yana uzito kuliko kipimajoto. Kuchanganyikiwa kidogo, mikono kupepea akiinyoosha mbele, mkojo kupungua, kuharisha siku mbili tatu, kukataa chakula, maji kujaa upesi ingawa vidonge anameza: lolote kati ya haya linatosha kurudia kipimo cha maji hata kama kile cha juzi kilikuwa safi. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, iliyotoka mikromoli 80 kwa lita ikafika 130 nayo inatosha. Tumeona mara nyingi mgonjwa akiongezewa vidonge vya kukojoza kwa sababu maji yamezidi, figo zikazimika siku mbili baadaye, na chanzo cha yote kilikuwa maambukizi ambayo hakuna aliyeyatafuta.

Kabla ya sindano kuna hofu ya kuishughulikia. Watu wengi kwetu wanaamini kwamba aliyetobolewa tumbo hakai, anakufa. Imani hiyo isidharauliwe, imetokana na walichokiona. Wagonjwa hutolewa maji wakiwa wamechelewa mno, na kifo kinapofuata sindano ndiyo inayolaumiwa. Tena ni kweli kwamba kutoa lita nyingi kwa mkupuo bila albumini hushusha presha na kuumiza figo. Ndiyo maana yakitolewa zaidi ya lita 5 tunarudisha gramu 6 hadi 8 za albumini kwa kila lita iliyotoka. Kupima ni jambo jingine kabisa. Tunachukua mililita 20 au 30, vijiko vichache vya chakula, kati ya lita nyingi. Mwonyeshe ndugu bomba lenyewe kabla hujaanza, aone ukubwa wake. Hofu nyingi huishia hapo.

Na kuna hofu ya madaktari: damu haigandi, chembe sahani za kugandisha damu ziko 40,000, tusubiri plazima ya kumwongezea. Usisubiri. Madhara makubwa ya sindano hii hayafiki 1%, na kipimo cha kuganda kwa damu hakitabiri nani atavuja. Tunayemwogopa ni yule anayevuja kila mahali, kwenye fizi na kila alama ya sindano. Huyo ashughulikiwe kwanza.

Mgonjwa akojoe kwanza ili kibofu kiwe kitupu. Alale chali, kichwa kimeinuka, akiegemea kidogo upande wa kushoto. Gonga kwa kidole kutoka kitovuni kuelekea ubavuni mpaka sauti iwe nzito. Ultrasaundi ikiwepo, itumie. Pahali tunapopapenda ni kushoto chini, vidole viwili juu na viwili ndani kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kwa sababu hapo ukuta wa tumbo ni mwembamba na maji yana kina. Kaa mbali na makovu ya upasuaji, maana utumbo huwa umenata pale. Kaa mbali pia na mishipa iliyotuna kwenye ngozi, na misuli mirefu iliyo pande mbili za kitovu, ambayo mshipa mkubwa wa damu hupita nyuma yake.

Safisha kwa klorheksidini au aiodini na uache ikauke yenyewe. Piga ganzi, lignokaini 1%, kuanzia ngozi mpaka kwenye utando, maana utando ndio unaouma. Halafu vuta ngozi chini kama sentimita 2 kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ingiza sindano ya geji 22 yenye bomba la mililita 20, polepole, ukivuta kidogo kila unaposogea. Utahisi kama kitu kimeachia, kisha maji ya rangi ya majani makavu yanapanda. Ukimaliza, achia ngozi irudi mahali pake. Matundu mawili hayatakaa mstari mmoja, na maji hayatavuja kulowesha shuka usiku kucha. Mgonjwa mnene huhitaji sindano ndefu ya uti wa mgongo. Usipopata kitu, mgeuze zaidi, au irudishe sindano nyuma kidogo, kwani pengine imegusa utumbo ulioelea. Kuvuta bomba kwa nguvu hakusaidii.

Kugawa maji hayo ndiko kunakoharibika zaidi, kuliko hata kuchoma. Badilisha sindano kwanza, kisha mililita 10 ziingie katika kila chupa ya kuotesha bakteria, zilezile za kuoteshea damu, palepale kitandani, baada ya kufuta kizibo kwa spiriti. Bakteria katika maji haya ni wachache mno, pengine mmoja tu kwa mililita. Ukipeleka maji kwenye kikopo ili yaoteshwe kule maabara, nusu ya wagonjwa hawataotesha kitu. Yakiingia kwenye chupa papo hapo, wanaootesha wanaweza kufika 80%. Uchache huohuo ndio unaofanya kipimo cha rangi ya Gram, cha kutafuta bakteria kwa hadubini, kirudi na "hakuna vimelea vilivyoonekana," jibu lisilomaanisha chochote hapa. Mililita 2 au 3 ziende katika kichupa chenye kizibo cha zambarau kwa ajili ya kuhesabu seli. Kichupa kikavu kisicho na dawa huacha maji yagande, na seli zikishikana hesabu imeharibika. Kingine ni cha protini na albumini, na damu ya albumini ichukuliwe siku ileile. Andika saa kwenye kichupa, kisha mtu akipeleke kwa mguu. Maji yaliyokaa juu ya kaunta mpaka zamu ya jioni yana seli zilizokwisha kupasuka, na namba itatoka ndogo kuliko ukweli.

Kwenye fomu usiandike "maji ya tumbo, uchunguzi" ukaishia hapo. Andika: hesabu ya seli nyeupe pamoja na mgawanyo wake. Tunachokitafuta ni nyutrofili, seli nyeupe zinazopigana na bakteria, na mpaka ni 250 kwa mikrolita. Maabara ikileta seli 800, nyutrofili 60%, zidisha: ni 480, mgonjwa ana maambukizi. Ikileta seli 400 na nyutrofili 60%, ni 240; hapo usilale, ukishuku rudia baada ya saa kadhaa. Mashine nyingine huandika 0.48 ikimaanisha bilioni kwa lita, nayo ni ileile 480. Tumewahi kuona ikisomwa kama sifuri. Maji yakiwa na damu kwa sababu sindano imegusa mshipa, punguza nyutrofili 1 kwa kila seli nyekundu 250. Pasipo na mashine, chumba cha kuhesabia chini ya hadubini kinatosha kabisa, na mtaalamu wa maabara aliyeelezwa kwa nini namba hii inasubiriwa huifanya ndani ya saa moja. Nendeni mkaongee naye ana kwa ana. Vijiti vya kupimia mkojo vimejaribiwa sana kwa kazi hii. Vikibadilika rangi vinakupa haki ya kuanza dawa, lakini visipobadilika havimtoi mgonjwa hatarini.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya kuyaweka akilini hapo hapo. Seli zikiwa nyingi lakini limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ndizo zilizotawala, fikiria kifua kikuu cha tumbo. Tofauti ya albumini ya damu na ya maji ikiwa chini ya gramu 1.1 kwa desilita inazidi kuelekeza huko, ingawa mwenye sirosisi na kifua kikuu kwa pamoja anaweza kubaki juu ya namba hiyo. GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu, ya maji ya tumbo ikirudi hasi haijafuta kitu. La pili ni kichocho cha ini, hasa kwa wanaotoka kandokando ya Ziwa Victoria: mishipa ya ini imezibwa na makovu lakini ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi. Baadhi yao wana homa ya ini B juu yake. Maji yapimwe vilevile.

Ukiona aina zaidi ya moja ya bakteria, glukosi ya maji chini ya milimoli 2.8 kwa lita, protini zaidi ya gramu 1 kwa desilita na LDH, kimeng'enya kinachotoka kwenye seli zilizoharibika, iliyozidi kiwango cha juu cha kawaida cha damu, utumbo huenda umetoboka. Mgonjwa huyo anahitaji picha na daktari wa upasuaji usiku huohuo.

Nyutrofili zikifika 250, anza dawa. Usisubiri kuotesha, kwa sababu hata kukifanywa vizuri wengine hawatoi mdudu. Seftriaksoni gramu 2 kwa siku, au sefotaksimu gramu 2 kila saa 8, kwa siku 5 hadi 7. Aliyekuwa hospitali zaidi ya saa 48, au aliyemeza antibiotiki hivi karibuni, pengine ana bakteria sugu, na huyo hufikiriwa piperasilini yenye tazobaktamu au meropenemu kulingana na usugu unaojulikana pale hospitalini. Jentamaisini isitumike, inamaliza figo. Linalotukera ni dozi moja ya seftriaksoni inayochomwa mapokezi "kwa tahadhari" kabla ya maji kuchukuliwa. Inaua wale bakteria wachache, chupa hazioteshi kitu, na siku ya tatu mgonjwa asipopata nafuu hatujui tunapigana na nani. Kuchukua maji ni dakika kumi.

Kinachoua zaidi hapa ni figo. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 1999 uliwagawa wagonjwa 126 katika makundi mawili: antibiotiki peke yake, na antibiotiki pamoja na albumini. Figo zilifeli kwa 33% upande wa kwanza na 10% upande wa pili. Waliofia hospitali walikuwa 29% dhidi ya 10%. Kipimo ni gramu 1.5 kwa kila kilo ndani ya saa 6 za kwanza, na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 90, yaani chupa 9 za mililita 50 za albumini ya 20%, kisha chupa 6. Ziingie taratibu na mapafu yasikilizwe kila mara, maana wapo wanaojaa maji kifuani. Gharama yake ni kubwa, tunaijua, na familia nyingi hazimudu. Zikiwa haba, wapewe kwanza ambao kreatinini imezidi 88, au bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo katika damu, imezidi 68, zote kwa mikromoli kwa lita. Hao ndio wanaopoteza figo. Dripu ya maji ya chumvi si mbadala; inaishia tumboni na miguuni.

Siku hizo simamisha vidonge vya kukojoza kama kreatinini inapanda, na propranololi kama namba ya juu ya presha iko chini ya 90. Diklofenaki na ibuprofeni marufuku, hata jeli ya kuchua kwa wingi tunaikatalia. Paracetamol isizidi gramu 2 kwa siku. Omeprazoli isiyo na sababu iondolewe, kwa kuwa asidi ya tumbo huzuia bakteria wasizidi utumboni. Aliyechanganyikiwa apewe laktulosi mpaka apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku.

Saa 48 baadaye, maji yachukuliwe tena. Nyutrofili zisiposhuka angalau robo, ama dawa haifanyi kazi, ama kuna tundu. Kipimo hiki cha pili husahaulika kwa sababu mgonjwa anaonekana amechangamka. Namba huwa inajua kabla ya uso.

Akipona, hatari iko palepale. Bila kinga, karibu 70% hurudiwa ndani ya mwaka. Kwa hiyo anameza dawa kila siku, norfloksasini miligramu 400, au siprofloksasini 500, au kotrimoksazoli 960. Siprofloksasini isimezwe pamoja na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, na akilalamika kano za kisigino zinauma aache arudi hospitali. Dawa za jamii hiyo huweza pia kuficha kifua kikuu kwa miezi, basi kitafutwe kwanza. Kotrimoksazoli ikikutana na spironolaktoni, kidonge cha kukojoza, hupandisha potasiamu. Ipimwe baada ya wiki moja. Mwenye sirosisi yeyote akitokwa damu kwenye njia ya chakula anahitaji seftriaksoni gramu 1 kwa siku hadi siku 7, hata maji yakiwa safi. Na familia iambiwe ukweli kwa upole: baada ya shambulio la kwanza, wanaofikisha mwaka ni kati ya 30% na 50%. Wenye uwezo wa kufikiria kupandikizwa ini waanze kulizungumza wiki hiyo.

Karatasi ya ruhusa iandikwe kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa herufi kubwa: mgonjwa ana maji tumboni, amewahi kupata vimelea kwenye maji, dawa ya kila siku ni fulani, asikatishe, asipewe diklofenaki, akichanganyikiwa, akiharisha, akipunguza mkojo au akipata choo cheusi, aletwe siku hiyohiyo na maji yapimwe kabla ya sindano yoyote ya dawa. Mpe yule anayelala naye chumba kimoja, na umwombe akusomee kwa sauti kabla hawajaondoka.